Bao Lisilofungwa Ni la Nani?

Tarehe 25 Novemba 2017, mjini Pretoria, TP Mazembe walitwaa Kombe la Shirikisho la Afrika bila kufunga bao. Siku chache kabla yake, Lubumbashi, walikuwa wamewafunga SuperSport United mabao 2-1. Marudiano yakaisha 0-0 na kombe likarudi Katanga kwa mwaka wa pili mfululizo. Benchini alikaa Pamphile Mihayo, kiungo wa zamani wa timu hiyohiyo. Alikabidhiwa kikosi mwaka huohuo, baada ya CAPS United ya Zimbabwe kuwatoa Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa na Mfaransa Thierry Froger kufungasha mizigo.

Mwombe mtu yeyote wa Kamalondo, mtaa wa uwanja wa Mazembe, akusimulie fainali ile. Atakusimulia mabao mawili ya nyumbani. Dakika tisini za Pretoria atazipita kwa sentensi moja: "Kule tulizuia." Nani aliwafundisha kuzuia, na alianza lini kuwafundisha, hilo halimo katika hadithi. Hapo ndipo hoja ya mjadala huu inapoanzia: kufundisha ulinzi ni kazi ya mtu kuishi nayo na kuzeeka nayo, au ni benchi la kungojea kiti cha mwingine?

Sauti nilizozialika ni nne, nami nimezitunga kutokana na midomo mingi ya mji huu wa Lubumbashi, kwa hiyo hazina majina. Mzee bado huiita Mazembe kwa jina lake la zamani, Englebert, akikasirika. Mama ni wa Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli, na hasamehi. Kocha anafundisha mabeki wa timu ya vijana huko Katuba. Kijana ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na hukesha akitazama mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu.

Mzee: Mpira ni bao, mengine ni maelezo. Mimi nilikuwa mtoto Englebert ilipocheza fainali nne mfululizo za Afrika, 1967 hadi 1970. Mwaka 1968 tuliwapiga Étoile Filante wa Lomé tano bila katika mchezo wa kwanza. Tano! Nani atakuuliza jina la aliyefundisha mabeki siku hiyo?

Kocha: Na marudiano, Mzee?

Mzee: Marudiano tulifungwa nne kwa moja.

Mama: Nne! Hilo hukulisema kwa sauti ileile.

Mzee: Kombe lilikuja, mama yangu. Sita kwa nne. Ukiwa na washambuliaji, unaweza kufungwa manne na bado ukalala vizuri.

Kocha: Lilikuja mwaka ule. Mwaka uliofuata mkakutana na Ismaily wa Misri. Mchezo wa kwanza mbili kwa mbili, kisha Cairo tatu kwa moja. Mabao matatu mlifunga katika fainali moja, Mzee, na bado kombe likabaki kwa wenyewe. Ukihesabu mabao yenu ya 1969, timu ilicheza vizuri. Ukihesabu yale mliyoruhusu, utajua kwa nini Ismaily wakawa mabingwa.

Mzee alinyamaza kidogo hapo, nami nilimwachia kimya chake. Nadhani hoja yake ina nguvu kuliko Kocha anavyokubali. Mashabiki hawaji uwanjani kutazama kitu kisitokee. Seremala huonyesha meza, ila aliyezuia bao hana cha kuonyesha, na kama kazi yake ni nzuri sana hata hatari yenyewe haionekani, maana mshambuliaji hakupata nafasi ya kupiga.

Kijana alikuwa na jibu kutoka mbali.

Kijana: Marekani wamelitatua hilo. Katika mpira wao wa vyuo vikuu, kocha wa ulinzi ana cheo kamili. Ana ofisi, ana wasaidizi wake, na jina lake hutajwa kila mchezo. Kirby Smart alikuwa kocha wa ulinzi wa chuo cha Alabama chini ya Nick Saban tangu 2008 hadi 2015. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Broyles, ambayo ni ya makocha wasaidizi peke yao, na imekuwepo tangu 1996. Kisha chuo cha Georgia, alikocheza mwenyewe kama beki, kikamwita kuwa kocha mkuu. Januari 2022 akatwaa ubingwa wa taifa, na Januari 2023 akautwaa tena. Brent Venables naye alikaa Clemson miaka kumi akifundisha ulinzi ndipo Oklahoma wakampa timu nzima. Yaani yupo mtu ambaye kazi yake ni kuzuia, anasomea kuzuia, analipwa kwa kuzuia, na siku moja anapanda.

Mama: Anapanda kwenda wapi? Kwenye ukocha mkuu. Basi hata huko ulinzi ni ngazi tu.

Kijana: Ngazi yenye jina, mama. Januari 1986, Chicago Bears walipochukua ubingwa wa ligi ya kulipwa, wachezaji walimbeba kocha mkuu begani, na wengine wakambeba Buddy Ryan, kocha wa ulinzi. Wawili, siku moja. Umewahi kuona hapa msaidizi akibebwa?

Kocha: Hapa msaidizi hubeba. Hubeba mipira.

Kicheko kilipoisha, Mzee ndiye aliyesema jambo ambalo Kijana alipaswa kulitaja mwenyewe. Mpira wa Kimarekani husimama kila baada ya sekunde chache. Wanaoshambulia ni kumi na mmoja, wanaozuia ni kumi na mmoja wengine kabisa, nao hupishana kuingia na kutoka. Ni kama timu mbili zilizovaa jezi moja, kwa hiyo kuwa na makocha wawili ni lazima. Soka letu halina mlango huo. Beki wa kushoto anayezuia sasa hivi, sekunde nne baadaye anapiga krosi. Mshambuliaji akiacha kukaba, mabeki wote wanne wamekufa. Ukimpa mtu mmoja ulinzi na mwingine mashambulizi, kiungo atamtii nani?

Kocha alikubali nusu. Alisema yako maeneo mawili ambako soka letu nalo husimama kama la Wamarekani: lango la kipa, na mipira iliyokufa, yaani kona na mipira ya adhabu. Ndiyo maana Ulaya sasa klabu kubwa zinaajiri makocha wa mipira iliyokufa, na jina la Nicolas Jover wa Arsenal linajulikana hata kwa vijana wa Katuba wasiomjua kocha wa timu ya mtaa wao. Na ndiyo maana kocha wa makipa alikuwa wa kwanza kupewa cheo chake. Kipa hafanyi kazi ya mtu mwingine yeyote, hata mavazi yake ni mengine.

Na hapa Lubumbashi, ukisema kipa, umesema Kidiaba.

Robert Kidiaba alilinda lango la Mazembe tangu 2002 hadi alipostaafu. Alikuwa langoni Kongo ilipotwaa CHAN ya 2009, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, kwa kuifunga Ghana 2-0. Alikuwa langoni Guinea ya Ikweta mwaka 2015, Kongo ilipochukua nafasi ya tatu ya Afrika kwa penalti. Lakini kilele chake ni Abu Dhabi, Desemba 2010. Mazembe ya Lamine N'Diaye, Msenegali, iliwafunga Pachuca wa Mexico 1-0, kisha Internacional wa Brazil 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Nahodha wao na mfungaji wao mkubwa, Trésor Mputu, hakuwepo, kwa kuwa alikuwa amefungiwa baada ya vurugu dhidi ya mwamuzi huko Kigali. Timu iliyokosa mshambuliaji wake bora ilipita dakika mia na themanini dhidi ya Wamexico na Wabrazili bila kuruhusu bao. Fainali Inter Milan ya Samuel Eto'o iliwafunga 3-0, na hakuna aliyeona aibu.

Kijana: Na ulimwengu unakumbuka nini katika hayo yote?

Mama: Makalio.

Ni kweli. Bao likiingia upande wa pili, Kidiaba alikaa chini na kurukaruka kwa makalio kwenye boksi lake, mikono mbele, kama anayeendesha farasi asiyekuwepo. Picha ile ilizunguka dunia. Michomo aliyoipangua dhidi ya Internacional haikuzunguka.

Mzee: Alijifurahisha. Kuna ubaya gani?

Kocha: Hakuna, Mzee. Mimi nasema tu kwamba alijua anachofanya. Kipa yuko mita themanini mbali na bao. Kamera zote ziko kule. Ili aingie kwenye picha lazima afanye kitu kisichofanywa na mtu. Kama tungekuwa na mazoea ya kumtazama kipa, asingehitaji kuruka.

Sijui kama Kidiaba mwenyewe angekubali tafsiri hiyo, lakini inaungwa mkono na historia ndefu ya mji huu. Angalia 1974. Zaire ilikwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi ikiwa bingwa wa Afrika, na langoni alisimama Robert Kazadi Mwamba, mtoto wa Mazembe. Tarehe 18 Juni, dhidi ya Yugoslavia, baada ya mabao matatu tu ya mwanzo, kocha Blagoje Vidinić alimtoa Kazadi na kumwingiza Tubilandu wa Vita Club. Mchezo ukaisha 9-0. Vidinić alikuwa Myugoslavia, na alikuwa kipa katika ujana wake, tena kipa aliyevaa dhahabu ya Olimpiki ya 1960. Kama yuko kocha aliyejua kwamba mabao matatu ndani ya dakika ishirini hayawi kosa la kipa peke yake, ni yeye. Kazadi ndiye aliyetolewa. Siku nne baadaye alirudi langoni dhidi ya Brazil, na Brazil ikapata mabao matatu tu.

Katika mchezo huohuo wa Brazil, beki Mwepu Ilunga, naye wa Mazembe, alitoka kwenye ukuta kabla ya mpira wa adhabu kupigwa na kuutandika mbali. Watangazaji wa Ulaya walicheka, wakasema Waafrika hawajui sheria. Mwepu alieleza baadaye kwamba alijua vizuri alichofanya na alikifanya kwa kusudi, katika timu iliyokuwa na hasira ya kutolipwa na hofu ya kurudi nyumbani na kipigo kikubwa. Mpaka alipofariki mwaka 2015, beki bingwa wa Afrika alijulikana duniani kwa mpira mmoja alioutandika nje ya zamu.

Kijana: Basi walinzi watatu wakubwa wa mji huu, mmoja anakumbukwa kwa kutolewa, mmoja kwa kupiga mpira usio wake, mmoja kwa makalio.

Mzee: Usiseme hivyo, mwanangu. Sisi tunawakumbuka vingine.

Mama: Mnawakumbuka vipi? Niambie mafundisho ya Kazadi. Niambie beki mmoja unayejua alifundishwa na Mwepu.

Mzee hakujibu. Hapa Mama, ambaye alikuja kuwacheka Mazembe, aligusa pabaya kuliko alivyokusudia, kwa kuwa hata yeye hakuweza kutaja mwalimu wa mabeki wa Lupopo. Ujuzi wa kufunga huonekana, na mtoto anaweza kuuiga akitazama tu. Ule wa kuzuia usipofundishwa kwa mdomo na kwa kamba, hufa na mwenyewe.

Kamba ni kitu cha kweli. Nilimwomba Kocha aeleze kazi yake bila falsafa, akaeleza. Huwafunga mabeki wake wanne kamba viunoni, wawiliwawili, ili mmoja akisogea mwingine avutwe. Uwanja ni udongo mwekundu bila mistari. Wakati wa kiangazi vumbi hufika magotini, na mvua zikianza Novemba mpira hukwama katikati ya safari. Kwanza huwafundisha macho. Mtoto hutaka kutazama mpira, naye humlazimisha kutazama mpira na mtu, mpira na mtu, mpaka shingo iume. Kisha mwili: usimkabili mshambuliaji kifua wazi, simama upande, mwonyeshe njia ya pembeni, mwache aichague mwenyewe akidhani ni akili yake. Kisha mdomo. Beki bubu ni nusu beki. Kona huzifanya Ijumaa, kwa sababu Jumamosi watasahau kila kitu isipokuwa cha jana. Yeye hulipwa nauli, na pale timu inaposhinda, posho kidogo, ambayo mfungaji hupata mara mbili.

Mzee: Mara mbili ni haki. Amefunga.

Kocha: Mzee, Aprili 2019 Mazembe walikwenda Dar es Salaam kucheza na Simba, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Sifuri kwa sifuri. Juma lililofuata hapa nyumbani Emmanuel Okwi akatufunga mapema kabisa, na uwanja ukanyamaza. Kisha tukafunga manne. Wewe unakumbuka yale manne. Mimi nakumbuka sifuri ya Dar. Tungefungwa hata moja kule, bao la Okwi lingetukuta na deni, na miguu mizito haifungi manne.

Mama: Halafu nusu fainali Espérance wakawafunga moja Tunis, hapa mkatoa sifuri. Ulinzi wenu mzuri, bao hakuna. Kocha, ulinzi peke yake haukupeleki popote.

Kocha: Sikusema peke yake.

Mama: Ulikuwa unaelekea huko.

Nampa Mama alama hiyo. Watu waliodharauliwa muda mrefu huanza kudai kuwa wao ndio kila kitu. Mihayo yuleyule aliyetwaa kombe kwa sifuri ya Pretoria ndiye aliyetoka nusu fainali ya 2019 kwa sifuri ya Lubumbashi.

Lakini safari ya Mihayo ina swali jingine ndani yake, na Kijana ndiye aliyelichokoa. Tangu ubingwa wa Ligi ya Mabingwa wa 2009, kiti cha kocha mkuu wa Mazembe kimekaliwa na Diego Garzitto, Lamine N'Diaye, Patrice Carteron aliyetwaa Ligi ya Mabingwa 2015 akiwa na Mbwana Samatta, Hubert Velud aliyetwaa Kombe la Shirikisho 2016, Froger, Franck Dumas, kisha N'Diaye tena. Wazawa waliocheza hapa wamekaa zaidi pembeni ya kiti hicho kuliko juu yake. Kidiaba baada ya kustaafu alikuwa kocha wa makipa wa klabu. Katika uchaguzi wa mwishoni mwa 2018 akachaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Haut-Katanga.

Mama: Ndiyo ngazi ya ukocha wa makipa kwetu. Ukitaka kupanda, unakwenda bungeni.

Mzee: Mgeni huletwa kwa sababu mgeni hana mjomba katika timu. Mzawa akimweka benchi mtoto wa fulani, jioni fulani yuko mlangoni kwake.

Kijana: Hiyo ni sababu ya kumlinda mzawa, si ya kumnyima. Smart alirudi chuo alichochezea, mji unaomjua. Hawakumwambia ana wajomba wengi.

Kocha: Mimi sitaki kiti cha Mfaransa. Mnanielewa vibaya wote. Mgeni huja na misimu miwili mkononi, huondoka. Anayebaki ni msaidizi. Yeye ndiye anayejua nyasi bandia za Kamalondo zinavyorusha mpira, beki gani huchoka dakika ya sabini, nani ana msiba nyumbani. Kocha mpya akifika, hujifunza timu kutoka kwake. Nataka kazi hiyo iwe na mkataba wake, na leseni ya CAF ilipiwe na klabu, ili mtu aifanye miaka ishirini bila kuomba radhi kwamba hakuwa mkuu.

Hapo mimi na Kocha tunakaa upande mmoja. Mfano wa Marekani ambao Kijana anaupenda una kasoro yake: makocha wengi wazuri wa ulinzi huishia kunyang'anywa ulinzi na kupewa kila kitu, na wengine kati yao si wakuu wazuri. Nisingependa Lubumbashi ichukue kupanda kwao. Ningechukua mshahara, jina na tuzo, na mtu akitaka kubaki na mabeki wake wanne na kamba yake mpaka nywele ziwe nyeupe, abaki.

Mzee: Jina, sawa. Lakini watu hawatalipigia makofi. Huwezi kumlazimisha shabiki.

Mama: Mzee, Aprili 2024 Al Ahly walikuja hapa, nusu fainali. Sifuri kwa sifuri. Kisha Cairo mkafungwa tatu. Zile tatu ulimtukana nani?

Mzee: N'Diaye. Na mabeki wote.

Mama: Na ile sifuri ya hapa, mbele ya mabingwa wa Afrika, ulimsifu nani?

Mzee: Kipa.

Kocha: Kipa peke yake?

Mzee: Na Mungu, kidogo.